Mbona Hakuhema?

Mjomba alitutoka Julai 2021, na tangu tumzike mkewe ameniuliza swali moja tu. Haulizi habari ya bili, wala ya mazishi yale tuliyoyafanya mbio mbio kama watu wanaoficha kitu. Tunaweza kuwa jikoni, yeye anachambua mrenda, mimi nachochea moto, halafu bila kuinua kichwa anasema: "Lakini wewe, mbona hakuhema?"

Ni swali la haki. Mtu anayekosa hewa tunamjua. Tumewaona wenye pumu wakishikilia dirisha, tumeona mtoto aliyepaliwa na maji. Mabega yanapanda, pua inatanuka, macho yanatafuta wa kumsaidia. Mjomba hakufanya lolote kati ya hayo. Siku ya saba ya ugonjwa wake alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti chake, blanketi magotini, akibishana na redio kuhusu kafyu.

Kafyu yenyewe ilikuwa mpya. Katikati ya Juni mwaka huo serikali ilikuwa imebana kaunti kumi na tatu za Magharibi, Nyanza na sehemu za Bonde la Ufa, Kakamega yetu ikiwemo, kwa sababu virusi vya aina ya Delta, vilivyoonekana kwanza India, vilikuwa vimetua upande wa Kisumu na kusambaa. Saa moja jioni kila mtu awe kwake mpaka saa kumi alfajiri. Mjomba alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka sitini na saba, mwenye sukari ya miaka mingi. Alianza kwa koo kuwasha baada ya matanga fulani, kisha homa, kisha akasema chai haina ladha. Tukamfukiza kwa majani ya mkaratusi, tukampa tangawizi na limau. Siku ya tano homa ikashuka, tukamshukuru Mungu.

Jioni ya siku ya saba binti wa jirani, ambaye ni nesi, alipita na kile kidude cha kubana kidole. Kikaandika 84. Akakitoa, akakipangusa, akakirudisha. 84. Akabana kidole chake mwenyewe: 97. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu.

"Mzee, unasikiaje?"

"Niko sawa kabisa. Hii mashine yenu ndiyo mgonjwa."

Tulicheka. Nesi hakucheka, alisema twende hospitali sasa hivi. Mjomba akasema yeye hawezi kupitishwa kwenye vizuizi vya polisi usiku ati kwa sababu ya kidude. Tukaangaliana. Anaongea. Amekula ugali wake wote. Tukakata shauri kwamba tutatoka kesho asubuhi na mapema. Mimi nilikuwa mmoja wa walioamua hivyo, tena nilisema sana. Alfajiri kidude kilisoma 71. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na bado alikuwa anajibu tukimwita, ingawa pole pole.

Mimi si daktari. Nilisomea historia, na mtu wa historia akiulizwa swali hurudi nyuma kumtafuta mwingine aliyewahi kukutana nalo. Hili la Mama Khaemba nililikuta katika mwaka wa 1875, angani juu ya Ufaransa.

Tarehe 15 Aprili mwaka huo wanaume watatu, Gaston Tissandier, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel, walipaa ndani ya puto lililoitwa Zénith ili kuchunguza hewa ya juu sana. Walijua kwamba kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua, kwa hivyo walibeba mifuko yenye oksijeni ya ziada na mipira ya kuivutia mdomoni. Mwanasayansi Paul Bert, aliyekuwa amewafanyia majaribio katika chumba chake cha kupunguza hewa, aliwaandikia barua kuwaonya kwamba oksijeni waliyobeba haitoshi. Barua ikachelewa. Puto likapita mita elfu nane. Liliposhuka, Tissandier peke yake ndiye alikuwa hai. Wenzake wawili walikuwa wamekufa, na mipira ya oksijeni ilikuwa pale pale karibu yao.

Baadaye Tissandier alieleza alivyosikia huko juu. Hakusema alihangaika. Alisema mwili na akili vilidhoofika kidogo kidogo bila yeye kujua, na kwamba hapakuwa na mateso yoyote. Kinyume chake, alijawa na furaha ya ndani. Alipotaka kuushika mpira wa oksijeni, mkono ulikataa kuinuka. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo. Miaka mia moja na arobaini na sita kabla ya Mjomba kusema yuko sawa kabisa, kuna mtu alikuwa amekwisha kueleza hali hiyo hiyo.

Kwa nini mwili unyamaze juu ya jambo kubwa hivyo? Jibu lilitoka Oxford, Uingereza, mwaka 1905. John Scott Haldane alikuwa mtu wa kushuka migodini baada ya milipuko kuchunguza kilichowaua wachimbaji, na wa kuvuta hewa mbaya yeye mwenyewe ili ajue inavyofanya kazi. Yeye na J. G. Priestley walionyesha kwamba kinachoendesha pumzi yetu ya kila siku ni ile hewa chafu tunayoitoa, kaboni dayoksaidi. Ikipanda kidogo tu kwenye damu, unahema. Lakini ukipunguziwa oksijeni, pumzi haibadiliki sana mpaka upungufu uwe mkubwa.

Ni kama mpishi anayeangalia moshi tu. Moshi ukitoka vizuri ametulia, hata kuni zikiwa karibu kuisha. Ukijizuia kupumua sasa hivi, ule uchungu utakaokulazimisha kufungua mdomo baada ya muda mfupi hautokani hasa na oksijeni kuisha. Unatokana na hewa chafu kujaa.

Haimaanishi hakuna kabisa anayeangalia kuni. Mwaka 1938 Corneille Heymans wa Ubelgiji alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya vipima vidogo vilivyo kwenye mishipa ya shingo, ambavyo husikia oksijeni ikishuka na kuuambia ubongo. Ila vipima hivyo huchelewa kuamka, na uzee pamoja na ugonjwa wa sukari huzidi kuvifanya vizito. Mjomba alikuwa na vyote viwili.

Hiyo ni nusu ya jibu. Kwenye puto, hewa yenyewe ilikuwa haba. Sebuleni kwa Mjomba hewa ilikuwa tele, madirisha yote wazi. Upungufu ulikuwa ndani ya mapafu yake, na kuuelewa huo lazima tuviangalie virusi vyenyewe.

Wengi wetu tulilisikia jina korona kwa mara ya kwanza mwaka 2020, waziri wa afya alipotangaza mgonjwa wa kwanza nchini tarehe 13 Machi. Lakini jina lilikuwa na zaidi ya miaka hamsini. June Almeida, binti wa dereva wa basi wa Glasgow, aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita kwa sababu hakukuwa na pesa ya kuendelea, akaajiriwa maabara ya hospitali. Akawa fundi hodari wa hadubini ya elektroni, kwanza Kanada, halafu hospitali ya St Thomas' jijini London. Katikati ya miaka ya 1960 daktari David Tyrrell, aliyekuwa akichunguza mafua ya kawaida, alimpelekea sampuli iliyotoka puani mwa mvulana wa shule. Almeida akaona vijiduara vilivyozungukwa na miale, kama taji au kama mwangaza unaozunguka jua likipatwa. Mwaka 1968 jina korona likachapishwa. Korona waliyoijua wakati huo ilikuwa ya kukufanya upenge kamasi wiki moja, basi. Ndiyo maana kwa miaka mingi wachache waliishughulikia.

Mambo yalibadilika SARS ilipotokea kusini mwa China mwishoni mwa 2002. Hadi ilipozimwa mwaka uliofuata ilikuwa imeambukiza zaidi ya watu elfu nane na kuua 774, akiwemo Carlo Urbani, daktari Mwitaliano aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kutambua kwamba ugonjwa ule ni mpya. Mwaka huo wa 2003 wanasayansi waliona vile virusi vinavyoingia mwilini: ile miale ya Almeida ni miiba, na mwiba hushika kitu kilicho juu ya ukuta wa seli kiitwacho ACE2, kama ufunguo unavyoshika kitasa. Virusi vya 2019 vinatumia kitasa hicho hicho.

Sasa mtu akijua kitasa kiko wapi, anajua mwizi ataingia nyumba gani. Kiko puani, kwenye seli zinazozitegemeza zile za kunusa. Zikiharibika, harufu inapotea, na bila harufu chai inakuwa maji moto tu. Kiko kwenye utumbo, ndiyo maana wengine waliharisha kabla ya kukohoa. Kiko kwenye moyo na figo. Na kiko ndani kabisa ya mapafu.

Mapafu si mifuko miwili mitupu kama mapulizo. Bomba la hewa hugawanyika, matawi nayo yakagawanyika tena na tena, zaidi ya mara ishirini, mpaka mwisho wa kila kitawi kuna vifuko vidogo vya hewa. Mtu mzima ana mamia ya mamilioni ya vifuko hivyo. Ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba kiasi kwamba ungehitaji kupanga kuta kama hizo zaidi ya mia moja ndipo zifikie unene wa karatasi moja ya daftari. Oksijeni inavuka hapo kuingia kwenye damu, hewa chafu inavuka kutoka. Na hazivuki kwa urahisi sawa: kaboni dayoksaidi hupenya karibu mara ishirini kuliko oksijeni.

Ndani ya vifuko kuna seli zinazotengeneza utelezi fulani kama wa sabuni, unaozuia kuta zisigandamane. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead huko Boston walionyesha kwamba watoto njiti waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walikuwa wamekosa utelezi huo. Seli hizo hizo ndizo zenye kitasa cha ACE2. Virusi vikiingia humo, kiwanda cha utelezi kinaungua. Baadhi ya vifuko vinajikunja, vingine vinajaa majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa.

Hapo ndipo pale sebuleni paliponielea. Katika siku zile za kwanza mapafu ya Mjomba yalikuwa yameharibika kwa vipande. Damu iliyopita kwenye vipande vibovu ilirudi moyoni mikono mitupu. Iliyopita kwenye vizuri ilibeba oksijeni yake kamili, lakini chembe za damu zikishajaa hazina pa kuongeza, haziwezi kubeba na fungu la jirani. Kwa hivyo oksijeni ikashuka. Ila hewa chafu, ambayo hupenya kwa urahisi, iliendelea kutolewa na vile vipande vilivyobaki. Tena mapafu yenyewe yalikuwa bado laini, hayakuwa mazito kuyatanua. Mpishi alitazama moshi akaona unatoka vizuri. Madaktari waliopokea wagonjwa wa namna hii mwaka 2020, watu wenye namba za kutisha wakipiga simu kitandani na kuuliza chakula ni saa ngapi, waliwaita wenye upungufu wa furaha. Jina lile halikuwapendeza wote, lakini Tissandier angelielewa.

Kile kidude cha kidoleni nacho kina historia yake, na inaanzia huko huko angani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia marubani walikuwa wakipoteza fahamu juu bila onyo. Mmarekani Glenn Millikan akatengeneza kifaa cha kubana sikio kinachopitisha taa kwenye damu na kusoma rangi yake, kwa kuwa damu yenye oksijeni ni nyekundu kuliko isiyo nayo. Akakiita oksimita. Kilikuwa na usumbufu wake. Kisha mwaka 1974 mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, alikuwa akijaribu kupima jambo jingine kwa mwanga wa sikioni, na mapigo ya moyo yakawa yanamharibia vipimo. Alipokuwa akitafuta jinsi ya kuyaondoa akagundua kwamba hayo mapigo ndiyo mali: sehemu ya mwanga inayocheza na pigo inatoka kwenye damu ya ateri peke yake. Oksimita zote tunazobana vidoleni leo zinatumia wazo lake. Aoyagi alifariki tarehe 18 Aprili 2020, wakati dunia nzima ilikuwa inakitafuta kifaa chake madukani.

Namba zake ndizo zilizotudanganya, au tuseme ni sisi tuliozisoma vibaya. Kwa mwalimu kama Mjomba, 84 kwa mia ni alama nzuri, ni A. Hata alisema hivyo jioni ile: "Themanini na nne? Hiyo si nimepita?" Lakini tangu 1904 Christian Bohr na wenzake huko Copenhagen walikuwa wamechora jinsi damu inavyobeba oksijeni, na mchoro wao si mteremko wa kawaida. Fikiria mtu anayetembea juu ya uwanda wa Nandi akielekea kwetu. Ardhi ni tambarare, kila kitu shwari, halafu ghafla anafika ukingoni na chini kuna genge. Kutoka 100 mpaka karibu 90 uko uwandani. Chini ya 90 umekwisha kuanza kuporomoka, na kila hatua ndogo inakupeleka mbali. 84 haikuwa A. Ilikuwa mtu aliye nusu ya genge na bado anapiga gumzo.

Na huenda hata haikuwa 84. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo ya kulinganisha kidude na kipimo cha damu yenyewe kutoka kwenye ateri. Kati ya wagonjwa ambao kidude kiliwaandikia 92 mpaka 96, namba za kutuliza roho, oksijeni halisi ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya watu weusi. Kwa wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Rangi ya ngozi inaingilia mwanga, na kifaa hicho kilikuwa kimesahihishwa zaidi kwenye ngozi nyeupe. Fikiria ni vidole vingapi vya Kenya vilibanwa mwaka ule. Sisemi kidude hakifai. Bila kidude tusingejua lolote. Nasema sisi tulikituhumu kwa kutia chumvi, kumbe kama kilikosea basi kilikosea kwa kumpendelea Mjomba.

Asubuhi ile tulimpakia kwenye gari la jirani. Hospitali ya kwanza walitutazama kwa huruma wakasema mitungi yote ya oksijeni ina watu. Ya pili wakampokea. Wakati huo alikuwa anaingia wiki ya pili, na wiki ya pili ya Covid-19 ni ugonjwa mwingine. Katika wiki ya kwanza virusi ndivyo vinavyoharibu. Baadaye virusi hupungua, lakini kwa wengine kinga ya mwili haijui kusimama. Inaendelea kumwaga kemikali za vita, mishipa inavuja, vifuko vinajaa maji na mabaki ya seli, na mapafu yaliyokuwa laini yanakuwa mazito kama sifongo iliyoloa. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1967 na David Ashbaugh na wenzake huko Denver, Marekani, kwa wagonjwa 12 walioumia kwa njia mbalimbali, wengine ajali, wengine maambukizi, lakini wote wakaishia na mapafu ya aina moja. Moto unaweza kuwashwa na yeyote. Ukishashika nyumba ni moto tu.

Covid iliongeza jambo lake. Watafiti waliolinganisha mapafu ya watu saba waliouawa nayo na ya wengine saba waliouawa na homa kali ya mafua walikuta vibonge vya damu iliyoganda kwenye mishipa midogo kabisa ya vifuko vikiwa mara tisa zaidi katika yale ya Covid. Hivyo hata pale ambapo kifuko kilikuwa kizima, damu huenda haikuweza kukifikia. Vibonge vya namna hiyo na vikubwa zaidi viliwapata wagonjwa kwenye miguu, moyo, figo na ubongo. Ndiyo maana kuuita ugonjwa wa mapafu ni kusema nusu. Unaingilia mapafuni, lakini damu inapita kila mahali.

Dawa iliyomfaa kwa siku kadhaa ilikuwa ya zamani na ya bei ya chini. Deksamethasoni ilitengenezwa miaka ya 1950, na kila duka la dawa linaijua. Juni 2020 jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa RECOVERY lilitangaza kwamba inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida. Sababu ni ile ile ya wiki mbili: dawa hii inatuliza jeshi la mwili, na huwezi kuwatuma askari nyumbani wakati adui bado yuko mlangoni. Kwa mwenye sukari ina gharama yake, inaipandisha. Wauguzi walikuwa wakimchoma insulini Mjomba kila mara.

Walimlaza pia kifudifudi. Alilalamika kama mtoto wa darasa la pili, akasema hajalala kwa tumbo tangu akiwa bweni. Kumbe nalo lina ushahidi wake: mwaka 2013 Claude Guérin na wenzake huko Ufaransa walionyesha kwamba wagonjwa mahututi wa mapafu walio kwenye mashine wakilazwa hivyo kwa saa nyingi kila siku, vifo hupungua karibu kwa nusu. Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo. Ukilala chali, uzito wa moyo na majimaji yote hukandamiza huko. Ukigeuzwa, vifuko vya nyuma vinapata nafasi ya kufunguka. Namba yake ilipanda kutoka 80 na kitu mpaka 91. Siku mbili tulitembea tukicheka.

Halafu sasa ndipo akaanza kuhema. Mapafu yalikuwa yamekuwa magumu, hewa chafu nayo ikashindwa kutoka, na yule mpishi hatimaye akaona moshi. Mama Khaemba hakuyaona hayo, kwa sababu wageni walikuwa hawaruhusiwi wodini. Mimi niliyaona kwenye simu ya nesi, sekunde chache tu, na sijawahi kumwambia. Kitanda chenye mashine kilipopatikana, figo zilikuwa zimeanza kugoma. Mei ya mwaka huo utafiti wa hospitali 64 katika nchi kumi za Afrika, Kenya ikiwemo, ulikuwa umetoa hesabu ya wagonjwa wa Covid waliolazwa kwenye wodi za mahututi: asilimia 48.2 walikufa ndani ya siku thelathini, kiwango cha juu kuliko mabara mengine, na uhaba wa vifaa ulitajwa miongoni mwa sababu. Mjomba aliingia upande huo wa hesabu siku ya kumi na tisa.

Nilichukua muda mrefu kumpelekea Mama Khaemba jibu. Kwanza nilitaka kuwa na uhakika. Pili, kusema kweli, niliogopa, maana kila nilichosoma kilikuwa kinarudi kwenye ile jioni na ile 84. Mwishowe Desemba iliyopita nilikaa naye jikoni nikamweleza. Habari za puto alizipenda. Za mpishi na moshi alizielewa mara moja, yeye anapikia kuni. Za ngozi zilimfanya asonye.

Alinyamaza kwa muda, mkono ukiwa ndani ya sinia la mboga. Kisha akasema, "Kwa hivyo hakunidanganya."

Sikuelewa anamaanisha nini. Akanieleza. Miaka hiyo yote alikuwa akiamini kwamba Mjomba alijua anakufa, akajikaza, akaficha. Walikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa na karo ya kijana wao wa mwisho, na hospitali kabla ya kukupa kitanda inataka pesa. Alidhani mzee alipiga hesabu akaona bora aseme yuko sawa. Kila alipomkamua yule ng'ombe, aliwaza kwamba anakamua maisha ya mumewe. Swali lake la mbona hakuhema halikuwa la mapafu. Alikuwa akiuliza mtu anawezaje kujizuia hivyo mbele ya mke wake.

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Hakujizuia. Hata angetaka asingeweza. Hakuna mtu anayeweza kuficha kuhema. Aliposema yuko sawa, ndivyo alivyosikia."

Akatikisa kichwa. Akaokota jani moja la mrenda, akaling'oa bua, akalitia kwenye sufuria.

"Ila mimi 84 niliiona," nikasema. "Na nilisema tungoje asubuhi."

"Wote tuliiona," akajibu. "Ongeza kuni."